Swichi Moja ya Vyumba Sita

Kosa langu la kwanza katika kazi ya stima halikuwa la waya. Laiti lingekuwa la waya, kwa sababu waya uliofungwa vibaya unafunguliwa, unafungwa upya, na hakuna anayejua. Kosa langu ni kwamba nilizifunga taa za vyumba sita, za wapangaji sita wasio na udugu wowote kati yao, kwenye swichi moja, na swichi hiyo nikaiweka chumbani mwa mwenye nyumba, karibu na kitanda chake, kwa kuwa yeye ndiye aliyesema iwekwe hapo. Nilikuwa na karatasi iliyosema kwamba ni halali.

Nieleze habari ya karatasi hiyo, maana ndiyo shule niliyosoma. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilitoka upande wa Birongo nikaja mjini Kisii nikiwa nimefika darasa la sita, nikapata kazi ya kubeba ngazi ya fundi mmoja Mhindi aliyekuwa akifunga stima madukani, wakati mji ndio kwanza umepata mtambo wake wa dizeli. Fundi hakuwa na muda wa kunieleza kitu. Nilitazama mikono yake tu. Kisha nikagundua kwamba duka moja la karibu na soko lilikuwa likifungia chumvi kwa kurasa za kitabu kikuukuu cha Kiingereza cha kanuni za stima. Nikaanza kununua chumvi. Nilinunua chumvi ambayo mtu mmoja hawezi kuimaliza mpaka anakufa, nikazinyoosha zile kurasa kwa pasi ya makaa, nikazisoma na kamusi mkononi. Mama yangu alipochoka kupokea vifurushi kila mwisho wa mwezi aliuliza kama huko mjini hakuna sukari.

Ukurasa mmoja ulisema kwamba katika nyumba ya kuishi swichi moja inaweza kuongoza taa zisizozidi sita. Chini ya hapo karatasi ilikuwa imechanika. Mimi, ambaye hurudi mara tatu kuutikisa mlango nilioufunga mwenyewe, sikujiuliza ni nini kilichokuwa kwenye kipande kilichochanika. Vyumba vilikuwa sita na taa zilikuwa sita. Hesabu ilikaa vizuri mno hata sikutaka kuisumbua kwa maswali.

Mwenye nyumba alikuwa Mgusii mwenzangu, mfanyabiashara wa ngozi, mwenye boma lake kule Nyaramba na nyumba hii ya kupangisha mjini. Yeye mwenyewe alikaa katika chumba cha mwisho barazani, na taa yake ilikuwa na swichi yake peke yake, mlangoni. Nilimwita tata, kama tunavyowaita baba zetu.

“Omwana,” aliniambia siku ya kwanza, “mpangaji ni mtu wa namna gani?”

“Sijui, tata.”

“Ni mtu anayelala taa ikiwaka. Na stima ni yangu. Weka swichi moja, weka hapa, nikinyoosha mkono naifikia.”

“Taa zote kwa moja?”

“Kwani haiwezekani? Au wewe hujui kazi?”

Swali hilo lilinimaliza. Mtu aliyejifundisha mwenyewe anaishi akilingoja kila siku, na likija yuko tayari kufanya lolote ili lisirudiwe. Nikatoa karatasi yangu ya chumvi nikamwonyesha kwamba inawezekana. Kazi ya siku mbili niliifanya siku nne. Nyaya zilinyooka kama kamba ya mwashi. Kila skrubu niliikaza mpaka mfuo wa kichwa chake ukasimama wima, hata zile za juu chini ya mabati ambazo hakuna atakayeziona ila popo. Nilipomaliza nilirudi hatua mbili nyuma nikatazama, nikajisikia mtu. Sikumwuliza hata mpangaji mmoja anaihitaji taa yake saa ngapi.

Mzee akawa anawasha saa moja jioni na kuzima saa tatu. Mchana aliwasha ikiwa yuko nyumbani na mvua imeleta giza, na mvua yetu huleta giza karibu kila alasiri msimu ukikolea. Madirisha ya vyumba vile yalikuwa madogo kama ya ghala. Akitoka, alizima, akafunga chumba chake kwa kufuli, na taa za watu sita zikabaki zimefungiwa humo ndani pamoja na blanketi lake.

Chumba cha tatu alikaa mama mmoja mshonaji, mjane, Mwislamu wa hapa mjini, ambaye baba yake alikuja Kisii zamani kwa biashara akaoa hapa hapa. Alishona kwa cherehani ya miguu. Mwaka ule walimu wa madrasa walimpa kanzu za watoto azishone zote kabla ya Idd, na hakuficha kwamba kanzu hizo ndizo zilizokuwa zikimweka katika chumba chake. Zikimshinda, angerudi Kisumu akakae nyuma ya pazia katika chumba cha kaka yake, na wake wawili wa kaka yake upande wa pili wa pazia hilo.

Wiki chache kabla ya Ramadhani nilimpelekea suruali yangu iliyochanika gotini. Ilikuwa alasiri, mvua ya mawe ilikuwa ikiyapiga mabati, na taa ilikuwa imewaka.

“Simama hapo hapo mlangoni, fundi, usinilowanishie vitambaa,” alisema bila kuinua macho wala kuisimamisha cherehani. “Hii umeichana wapi?”

“Kwenye ngazi, mama.”

“Ngazi gani! Umeichana kwa kupiga magoti ukikagua skrubu. Watu wanasema unaziamkia.”

Kabla sijajibu, taa ilizimika. Giza lilikuwa la ghafla kiasi kwamba miguu ya yule mama haikupata habari kwa wakati. Cherehani ilikwenda mishono miwili mitatu zaidi. Hakupiga kelele. Alisema “Yarabi” mara moja, kwa sauti ya chini, kisha gurudumu likasimama. Nikasikia kufuli ya mzee ikibana, naye akapita barazani nyuma yangu, amejifunika gunia kichwani kwa ajili ya mvua.

Jirani wa chumba cha nne, dresa, mfunga vidonda wa hospitali, mtu wa nchi ya ziwa, alikuja na koroboi akiikinga kwa kiganja.

“Omera, shika taa,” aliniambia, akiniita ndugu kwa lugha yao.

Sindano ilikuwa imepita kwenye ukucha wa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto ikavunjikia ndani. Nilishika koroboi.

“Isogeze karibu, nisije nikamtoa mfupa badala ya sindano!” dresa alifoka.

Yule mama aliniangalia juu ya mkono wake. Jasho lilikuwa likimtiririka.

“Fundi, ile swichi uliiweka wewe?”

“Ndiyo, mama.”

“Kwa akili yako?”

“Kwa karatasi, mama.”

“Basi mlete huyo karatasi aje ashone.”

Kesho yake nilikwenda kwenye ofisi ya mtambo. Karani alinitazama kuanzia viatu kwenda juu. “Wewe si yule fundi wa chumvi?” aliuliza, na hapo nikajua kwamba mji mzima ulikuwa unajua. Nilimwambia kuna kipande cha kanuni ambacho sijakisoma. Akaniketisha kwenye benchi siku hiyo na siku iliyofuata, labda akitumaini nitachoka. Sikuchoka. Siku ya tatu akanifungulia kitabu kizima, akanisimamisha mbele ya meza yake ninakili kwa penseli.

Maneno yaliyokuwa kwenye kipande kilichochanika yalikuwa haya: taa hizo sita ziwe za kaya moja, na swichi iwe mahali ambapo watu wa kaya hiyo wanaweza kuifikia wakati wote. Nikayanakili mara tatu, nikiogopa kwamba nimeruka kitu. Aibu ilinishika, na aibu naijua, tumeishi pamoja tangu utoto. Lakini nikiwa njiani kurudi kilinijia kitu kingine ambacho sikukizoea. Hasira yangu siku zote nimeielekeza kwangu mwenyewe. Siku hiyo kwa mara ya kwanza ilikuwa na mtu mwingine wa kumwendea.

Nilimkuta mzee barazani akikunja ngozi.

“Tata, kanuni inaikataa swichi yetu.”

Nilimsomea. Alisikiliza vizuri, halafu akacheka.

“Kaya moja? Hawa wote ni watu wangu. Ukuta wangu, mabati yangu, choo changu. Hiyo si kaya?”

“Swichi imefungiwa chumbani mwako. Hawawezi kuifikia.”

“Wewe una ufunguo wa chumba cha baba yako?”

“Tata, yule mama ametobolewa kidole.”

“Nimempa pole. Sasa sikiliza. Ukigusa ukuta wangu nitamwita inspekta wa stima akupokonye hicho kibali unachokilalia kama godoro.”

Alikuwa ametia kidole penyewe. Kibali kilikuwa karatasi ndogo ya kuniruhusu kufunga stima katika nyumba za mji. Bila hicho ningerudi kubeba ngazi. Nilikiweka ndani ya kitabu, kitabu ndani ya sanduku, na kila asubuhi nilifungua sanduku kuona kama bado kipo. Siku tatu sikula vizuri. Najua wapo watu wanaosema hapana halafu wanakunywa chai yao. Mimi hapana yangu niliisema siku ya nne, nilipowaambia wapangaji wanunue swichi, na sioni haya kuandika kwamba nilichelewa, maana niliisema.

Jumamosi mzee alikwenda Nyaramba kutafuta ngozi, kama alivyofanya kila Jumamosi. Wapangaji walikuwa wamekwisha kununua swichi, kila mtu yake. Nilifika asubuhi, jua likiwa limetoka, mlango wa uani wazi, ili asije mtu akasema niliingia kama mwizi. Chumbani mwa mzee sikuingia. Niliukata waya juu ya upenu, kabla haujaingia kwake, nikaupitisha umeme moja kwa moja kwenda vyumbani, kisha nikateremsha waya mlangoni mwa kila mmoja. Swichi ya kando ya kitanda ikabaki haina kazi.

“Omera, skrubu hii imepinda,” dresa aliniambia akiwa amesimama chini ya ngazi.

Nilikuwa nimekwisha kushuka. Nikapanda tena kuitazama. Haikuwa imepinda. Nilipogeuka wote walikuwa wamejishika mbavu, hata yule mama aliyekuwa na kidole kilichofungwa bendeji kama mtoto mchanga. Siku hiyo hapakuwa na muda wa mifuo ya skrubu. Zililala kila upande, nami nikaziacha zilale.

Chumba cha tatu ndicho nilichokifungia swichi kwanza. Mama aliibonyeza swichi yake kwa mkono mzima, akawasha, akazima, akawasha.

“Haya, toka,” alisema. “Nina kanzu za watu.”

Mzee aliporudi Jumatatu alibonyeza swichi yake jioni, akasikia mlio, akachungulia nje, akaona taa zinawaka. Saa tatu akabonyeza tena. Dresa ananiambia alibonyeza mpaka wakaanza kuhesabu kutoka vitandani mwao. Asubuhi alikwenda kwa karani kumwita inspekta, na yule mama akamwambia kwamba ukaguzi ukipita, taa zitarudi kwa mwenyewe na yeye atahama.

Inspekta alikuja kutoka Kisumu kwa gari lililojaa tope. Ilikuwa ndani ya mwezi wa Ramadhani, karibu saa saba mchana, siku ambayo wapangaji wote walikuwa nyumbani. Alikuwa Mzungu mrefu, Kiswahili chake cha kuamrisha tu.

“Nani ilifunga hii?”

“Mimi, bwana.”

“Nani ilisema funga?”

“Kanuni, bwana.” Nikampa nakala yangu ya penseli.

Alilinganisha na kitabu chake, neno kwa neno, na kwa jinsi alivyosoma polepole nilimpenda kidogo. Kisha akamgeukia mzee.

“Hapa kwa kitabu iko kaya moja. Hawa kaya moja?”

“Moja, bwana. Wote yangu.”

Sijui niliyatoa wapi maneno yaliyofuata. Mgusii wa umri wangu hamhoji mtu wa rika la baba yake mbele ya wageni. Nilimhoji.

“Tata, kule Nyaramba una wake wangapi?”

“Watatu. Si unajua?”

“Wanakaa nyumba ngapi?”

“Tatu. Kila mtu na yake. Swali gani hilo?”

“Jioni ukitoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, unapita kwanza kuuzima moto wa mkubwa?”

Baraza yote ililipuka kwa kicheko. Mwanamume wa kwetu anaweza kuwa na boma, ng'ombe na sauti kubwa, lakini moto wa nyumba ni wa mke anayekaa katika nyumba hiyo, na mzee alilijua hilo kabla mimi sijazaliwa.

“Hawa si wake zangu,” mzee alisema.

“Basi ni nani wako?” dresa aliuliza.

Inspekta hakuelewa kicheko. Ndipo yule mama akatoka mlangoni mwake, mtandio kichwani, akamwita.

“Bwana, njoo uone sufuria.”

Barazani, mbele ya kila mlango, palikuwa na jiko la makaa. Alimpitisha kwenye moja baada ya jingine, akifunua vifuniko kwa mkono wake mzima. Mbele ya dresa palikuwa na samaki wa ziwani. Mbele ya jirani wa kwanza mboga za chinsaga, kwa wa pili maharage, kwa wa tano ndizi, na kwa wa sita ugali wa wimbi uliokuwa ukisongwa wakati huo huo na mwenyewe hakuacha kuusonga kwa ajili ya Mzungu.

“Kama sisi ni kaya moja,” alisema mama, “basi huyu mzee aje atupakulie.”

Mzee akaruka juu. “Sufuria tano! Bwana, hesabu! Huyu mama hana sufuria. Jiko lake baridi!”

Ni kweli. Mbele ya chumba cha tatu jiko lilikuwa na majivu, na sufuria ilikuwa imeoshwa ikafudikizwa juu yake. Inspekta alihesabu kwa kidole, akairuka ile iliyofudikizwa, akamtazama mama.

“Yangu imefunga pamoja na mimi,” mama alisema. “Wao wanakula, mimi nimefunga. Kaya gani hiyo, bwana, mmoja amefunga na watano wanakula samaki pembeni yake? Njoo magharibi uone kama iko baridi.”

Inspekta akahesabu tena kwa kidole, na safari hii hakuiruka ile iliyofudikizwa.

“Sita,” alisema. “Swichi kaa hapo. Wewe,” akamwambia mzee, “hapana gusa. Hapana hamisha mtu kwa sababu ya hii.”

Watu walianza kupumua. Inspekta akaingia chumbani mwa mzee, akaibonyeza swichi ile ya kitanda, akatoka.

“Na hii ya kwanza? Nani ilifunga?”

Dresa alikohoa akinitazama, na kikohozi chake kilisema ninyamaze. Uwongo ulikuwa tayari mdomoni, mzuri, usio na mshono: kwamba aliyeifunga ni yule fundi Mhindi, naye alikuwa amekwisha kuhamia Nairobi, na hakuna ambaye angemfuata huko kumwuliza. Mzee mwenyewe alikuwa akitazama chini. Nadhani angekubali.

“Mimi, bwana. Nilisoma nusu ya kanuni nikafunga kwa nusu hiyo.”

Alinyoosha mkono. Kibali nilikuwa nacho mfukoni mwa shati, kwa kuwa siku hiyo sikuweza kukiacha sandukani. Alisema atakizuia miezi sita: kwa kazi ya kwanza, na kwa kuifanya ya pili bila kuiambia ofisi.

“Chukua, bwana,” nilisema. “Lakini andika kwamba kazi ya pili ni halali. Iandike leo, hapa, na uwaachie.”

Alinitazama kama mtu aliyesikia kiti kikisema. Mimi pia nilijisikia hivyo. Lakini sikuondoka mbele ya gari lake mpaka alipoandika, akatia sahihi, na nikaisoma karatasi yote, juu mpaka chini, nikampa yule mama.

Kanzu zilikwisha siku mbili kabla ya Idd. Mshono wa mikono ya kanzu mbili ulikwenda upande kwa sababu ya kidole, na hakumruhusu mtu yeyote kumsaidia kuzirudia. Alizifumua akazishona mwenyewe. Bado anakaa chumba cha tatu. Mzee alipeleka habari Nyaramba kwamba nilimtukana mbele ya Mzungu, na habari ikavuka vilima mpaka ikafika kwa baba yangu, ambaye alinituma kwenda kuomba radhi. Nilikwenda. Niliomba radhi kwa kumhoji mtu mzima hadharani. Kwa kuukata waya sikuomba, naye aliigundua tofauti hiyo, akaninyima kiti.

Miezi ile sita nilibeba mawe ya ujenzi. Kibali nilirudishiwa. Siku hizi kabla ya kutoboa ukuta nabisha kila mlango, namwuliza anayeishi humo anaitaka taa yake wapi na anaihitaji wakati gani, na mwenye nyumba asiyetaka niulize hivyo simfanyii kazi.